Nilivyorudi kuandika kwa mlango wa uani

"Nimerudi!!!" Hicho ndicho kilikuwa kichwa cha makala kwenye blogu yangu, na alama zake tatu za mshangao, Januari 2021. Chini yake nikaahidi makala moja kila Jumatatu: wiki ya kwanza siasa, ya pili mpira, ya tatu vitabu, ya nne maswali ya wasomaji. Wasomaji wenyewe walikuwa kumi na moja, na wanne kati yao ni ndugu zangu wa damu. Jumatatu ikaja, ikapita. Ikaja nyingine. "Nimerudi!!!" ikabaki imening'inia pale miaka mitatu na nusu kama bango la duka ambalo mwenyewe kahama mji.

Kwa hiyo, kama na wewe ulikuwa na blogu ukaiacha, na siku hizi unajisikia kuirudia, la kwanza ninalokuomba ni hili: usitangaze. Mtu aliyechelewa kurudi nyumbani hapigi honi getini. Anazunguka mlango wa uani, anaingia taratibu, anafunua sufuria aone kama amebakiziwa chakula.

Nilianza kublogu 2011, nikiwa chuo, kwenye kibanda cha intaneti unacholipia kwa nusu saa. Kipindi hicho blogu zilikuwa kitu. Ndesanjo Macha alishatufungulia njia na blogu yake ya Jikomboe, akituonyesha kwamba Kiswahili kinakaa vizuri tu mtandaoni, na neno lake la "gazeti tando" tulilitumia kwa fahari ingawa halikuja kulishinda neno blogu. Mpiga picha Issa Michuzi alikuwa na blogu yake ya picha tangu 2005, kila mtu akipita pale asubuhi kabla ya kufungua barua pepe za kazi. Mimi nilikuwa mdogo sana katika kundi hilo, lakini nilijiona mwandishi. Nikaandika kuhusu bajeti ya serikali, kuhusu Taifa Stars, kuhusu "mustakabali wa vijana". Nikizisoma leo naona aibu kidogo. Kijana wa miaka ishirini na mbili anaandika kama katibu mkuu mstaafu.

Halafu nikaacha. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba ni zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za Machi 2018, zilizotaka mwenye blogu awe na leseni: ada ya maombi laki moja, leseni milioni moja, na ada ya kila mwaka juu yake. Ni kweli wengi walifunga kwa sababu hiyo, na kwa anayeandika habari na siasa halikuwa jambo la kucheza nalo. Kanuni zimebadilishwa 2020 na tena 2022, kwa hiyo kabla hujaanza soma zilivyo sasa mwenyewe, achana na za kijiweni. Lakini mimi na wewe tuambiane ukweli. Makala yangu ya mwisho kabla ya kanuni hizo ilikuwa ya Novemba 2017. Miezi minne nilikuwa nimeshanyamaza hata bila kukatazwa na mtu. Kanuni zilinikuta nimelala, nikazishukuru kwa kunipa sababu.

Sababu yenyewe ni kwamba niliishiwa na mambo makubwa. Nilikuwa nimeoa, mtoto wa kwanza alikuwa ananyonya, na siku nzima kichwani mwangu hakukuwa na mustakabali wa taifa lolote. Kulikuwa na nepi.

Nilipojaribu kurudi, kabla ya ile "Nimerudi!!!", nikakuta nimejifungia nje. Nenosiri nimelisahau, na namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini niliyoiacha izimwe Januari 2020, wakati ule laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole. Kama yamekukuta haya, usimalize nguvu zako hapo. Fungua blogu mpya. Makala za zamani, ingiza anwani ya blogu kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uone. Mimi niliokota makala kama ishirini, nikazihifadhi kwenye faili, nikaendelea na maisha. Kosa langu lilikuwa hatua iliyofuata: wiki mbili nzima nilichagua rangi, nikabadilisha mwandiko, nikatengeneza nembo. Hadi nyumba inang'aa, mwenye nyumba hana la kusema. Siku hizi blogu yangu ni nyeupe, maandishi meusi, basi.

Sasa nikueleze ilivyotokea hasa.

Julai 2024 mama yangu alikuja Dar kutoka Muheza, na kiroba cha machungwa kama kawaida yake, kana kwamba huku kwetu Tabata hakuna machungwa. (Hakuna kama yale, anavyosema yeye, na sibishani naye.) Jumamosi alasiri nilikuwa nimekaa kibarazani sina kazi, naangalia simu. Mama alikuwa mkekani na ungo, anachambua mchele, na binti yangu pembeni yake. Hapa nitamwita Karani, na sababu utaiona. Kuna kitu kilisemwa pale, tukacheka sote. Siku mbili baadaye, niko kwenye daladala, foleni ya Buguruni haisogei, nikakikumbuka tena nikacheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akaniangalia. Nikatoa simu nikaandika hivi:

"Bibi ameweka ungo mapajani, anatoa chuya na vijiwe. Kazi ya Karani ni kupokea vijiwe kwenye mfuniko wa sufuria na kuvihesabu. Alipofika kumi na nne akauliza, 'Bibi, kwani mawe huota kwenye mpunga?' Bibi hakuinua macho. 'Hayaoti. Yametiwa na mtu aliyeona kilo haijatimia.' Karani akafikiri. 'Sasa tukimrudishia mawe yake, atatupa mchele?' Vidole vya Bibi vikasimama. Akacheka mpaka ungo ukayumba, mchele ukamwagika mkekani, ikabidi waanze upya."

Basi. Hakuna utangulizi, hakuna picha, hakuna "karibuni tena". Nilipofika Kariakoo ilikuwa imeshapanda hewani. Ilikuwa makala yangu ya kwanza tangu "Nimerudi!!!", na hakuna aliyejua kwamba nimerudi, wala mimi mwenyewe.

Jioni nikampigia mama, alikuwa ameshaondoka, nikamsomea. Yeye ana kitochi, haoni mambo ya mtandao. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza, kimya kile ambacho mtoto wake anakijua.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Ila mimi sikusema hivyo."

"Ulisemaje, mama?"

"Nilisema mizani ilikuwa na njaa, ikalishwa mawe."

Nilikaa kitandani nikajiona mjinga. Ndiyo! Ndivyo alivyosema, na ndicho kilichotuchekesha wote kabla hata ya swali la Karani. Siku mbili tu, na kichwa changu kilishachukua sentensi ya mama, kikaifua, kikaipiga pasi, kikanirudishia sentensi ya ofisini. "Mtu aliyeona kilo haijatimia." Hiyo ni lugha yangu mimi, mhasibu. Ya mama ilikuwa na meno.

Kama utachukua kitu kimoja tu kwangu, chukua hiki. Tukio hutalisahau haraka; maneno ndiyo yanayokimbia. Utakumbuka kwamba mtoto alisema kitu cha kuchekesha siku ile mlipokwenda Bagamoyo, lakini alisemaje? Hapo ndipo pametoboka. Kwa hiyo andika maneno yenyewe saa ileile, hata kama makala utaiandika mwezi ujao. Mimi nina kundi la WhatsApp lenye mwanachama mmoja, ambaye ni mimi. Nililifungua na mke wangu, halafu nikamwondoa, naye akaniuliza kwa nini namfukuza, hiyo nayo nikaiandika. Humo natupia mstari mmojammoja, bila maelezo. "Mizani ilikuwa na njaa." "Shemeji: hii chai imeona majani kwa mbali." Mtoto akiwa anaongea usimkatize uchukue simu, maana akishajua anarekodiwa anaanza kuigiza. Subiri, nenda jikoni kama unakunywa maji, andika huko.

Na ukiwa kwenye daladala, usikae dirishani na simu mkononi. Nadhani unajua kwa nini.

Wiki chache baadaye mita ya Luku, ile ya umeme wa kulipia kabla, ilianza kulia saa mbili usiku, tii, tii, tii. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano, humu namwita Fundi kwa kuwa hakuna rimoti iliyopona mikononi mwake. Akaniangalia akasema, "Baba, mdudu ana njaa." Mimi moja kwa moja jikoni, nikatupia kwenye kundi: *mdudu ana njaa*. Nikiwa nimesimama pale ndipo nikagundua: ni ile njaa ya mizani. Amemsikia bibi yake. Mtoto wa Tabata ambaye hajawahi kuona shamba la mpunga anazungumza Kiswahili cha Muheza na hajui.

Umeme wenyewe ulikatika wakati meseji ya malipo bado haijarudi. Iliporudi, tukasimama sote ukutani gizani, mke wangu kashika tochi ya simu, Karani anasoma namba nne nne, mimi nabonyeza. Namba ni ishirini. Tulifika ya kumi na saba Fundi akauliza, "Anakula namba?" Karani akacheka, akapoteza mstari, tukaanza upya. Mara ya pili nikakosea mimi. Ya tatu ikakubali, taa zikawaka, na Fundi akaigusa mita akaiambia, "Umeshiba?"

Makala hiyo ilikuwa na maneno mia mbili. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye hata sikujua kama huwa anapita, alinitumia ujumbe kutoka Muscat anakofanya kazi: watoto wake wameulizia kama mita yetu imekula leo.

Zamani ningeiharibu. Ningeanza na historia ya umeme nchini, na kumalizia na "funzo tunalolipata hapa ni umuhimu wa mshikamano katika familia". Nailaumu insha ya shule ya msingi. Tulifundishwa kuanza na "Wahenga walisema" na kufunga na fundisho, na ukikosa fundisho unakatwa alama. Miaka ishirini baadaye bado tunaandika kama mwalimu amesimama nyuma na kalamu nyekundu. Jaribu hivi: ukimaliza kuandika, futa aya ya kwanza na aya ya mwisho, usome kilichobaki. Mara nyingi, kwangu mimi karibu kila mara, makala ilikuwa imekaa katikati inasubiri hizo mbili ziondoke. Mtoto akishasema "Umeshiba?" wewe nyamaza.

Swali utakaloniuliza ni kwa nini nisiweke tu staitasi. Niliweka, miaka mingi. Karani alipong'oka jino la kwanza nilimpiga picha kashika jino kwenye kiganja, nikaandika mistari mitatu mizuri sana chini yake, watu hamsini wakaiona, baada ya saa ishirini na nne ikafutika kama staitasi zote. Kisha simu ikaibwa. Mistari ile siikumbuki hata neno moja. Najua tu ilikuwa mizuri, na huenda haikuwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nilikosea, na nilikosea vibaya.

Baada ya ile ya mita nililewa sifa kidogo. Nikawa natafuta. Mtoto akifungua mdomo mimi nishatega sikio. Siku moja Karani alinieleza jambo usiku, la aibu yake, tukiwa wawili. Lilikuwa la kuchekesha na la kusikitisha kwa pamoja, aina ile ambayo mwandishi anaitamani. Nikaliandika. Sitarudia hapa lilikuwa nini. Shangazi yake mmoja akalipenda, akalituma kwenye kundi la ukoo, na ukoo wetu una watu mia na kitu. Sikukuu ya Idi binamu yake akamtania mbele ya watoto wengine.

Hakulia pale. Alinisubiri nyumbani, akaniuliza swali moja: "Baba, wewe ulimwambia nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwambia kila mtu.

Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini mtoto wa miaka tisa haendi kukushtaki. Anaacha kukuhadithia, na hiyo ni hukumu mbaya kuliko faini. Nilifuta makala usiku uleule, nikamwomba radhi yeye, nikampigia shangazi. Ilichukua karibu mwezi kabla Karani hajaniletea tena habari za shule bila kuulizwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi niliye kata nilikuwa nimekwenda kuipigia siri debe sokoni.

Ndipo mke wangu akaweka masharti, na nayapitisha kwako kama yalivyo kwa kuwa sina yaliyo bora. Mambo ya chumbani, ya hela na ya magonjwa hayatoki nje ya mlango. Mtu yeyote aliyemo kwenye makala anasomewa kwa sauti kabla haijapanda, na akisema hapana ni hapana, hatakiwi kutoa sababu. Hata Fundi, ambaye hukataa mara nyingine kwa kuwa tu amegundua ana mamlaka hayo. Majina halisi hayaandikwi. Picha za watoto hakuna; na kama ni lazima, iwe ya mikono, ya mgongo, ya viatu mlangoni. Sare ya shule isionekane, hasa beji. Na kabla ya kupiga picha yoyote ya kupandisha zima ile huduma ya simu inayohifadhi mahali ilipopigwa, maana simu nyingi huandika hapo ndani kabisa ya picha na wewe hujui.

Ukiyasoma haraka utadhani yananibana. Kinyume chake, kumsomea mtu kabla ndiko kulikoniboreshea kazi. Mama husahihisha maneno. Mke wangu husahihisha ukweli: "Hukuamka wewe usiku ule, niliamka mimi." Fundi hataki chochote ila sauti ziigizwe vizuri. Na Karani, ambaye anahesabu kila kitu, ananiambia nimeandika "basi" mara sita.

Hayo mengine nitayapitia haraka maana hayana siri kubwa. Usijiwekee ratiba, mimi mwezi mwingine naandika nne, mwingine moja, na Ramadhani nzima sikuandika kitu. Usiangalie takwimu za wasomaji kabla ya wiki kupita, au zizime kabisa. Andika kwenye simu, kwa sababu ukingoja kompyuta na utulivu utangoja hadi watoto waoe. Maneno mia na hamsini yanatosha. Na usidharau siku ambayo hakuna kilichotokea: mojawapo ya makala ninazozipenda mwenyewe ni ya kandambili nne zilizopangwa mlangoni, mbili zikiwa za mguu mmoja, na safari ya kutafuta zilipo pacha zake.

Juzi usiku nilipita chumbani kwao nikamkuta Karani amelala kifudifudi na daftari, anaandika, ulimi nje. Akafunika kwa mkono. Nikamwambia sitaangalia. Akafikiri kidogo, akakaa kitako.

"Lazima nikusomee kwanza, si ndiyo?"

"Kama nimo, ndiyo."

Akasafisha koo kama mtangazaji. "Baba yangu akilala anakoroma kama bodaboda isiyo na ekzosi. Mama anamgeuza upande wa pili, bodaboda inapanda mlima." Akaniangalia. "Niiandike vizuri?"

Nikasema hapana.

Akachukua kalamu, hakubishana, akaandika chini yake kwa herufi kubwa, akinisomea huku anaandika: AMEKATAA.